Priampu ya marehemu baba inavuma, na upande wa kushoto unazimika ikishapata moto. Nianzie wapi? (niko Mtwara)

BintiMikindani

Habari za muda huu wakuu, na kwa wakubwa shikamooni. Niko Mikindani hapa Mtwara, nina kitu nataka kukitengeneza mwenyewe ila sitaki nikiharibu kwa papara ndo maana nimekuja kwenu kabla sijagusa chochote.

Marehemu baba alikuwa baharia, mwaka 1979 alishuka na seti kamili ya stereo ya Kijapani, pleya ya santuri, priampu (chombo cha katikati chenye voliumu, tritibo na besi), amplifaya kubwa ya kusukuma spika na spika zenyewe mbili za mbao ambazo mpaka leo mgeni akiingia lazima aziguse. Tangu afariki seti ilifunikwa kitenge ikakaa sebuleni zaidi ya miaka kumi haijawashwa. Mwezi uliopita mama akasema anatamani kusikia santuri zake, nikaifuta vumbi, pleya nikaibadilishia mkanda inazunguka vizuri, amplifaya kubwa nayo nikiichomekea simu moja kwa moja inaimba safi pande zote mbili. Shida ni hii priampu ya katikati.

Ukiwasha tu inavuma, ngrrrr, spika zote mbili, na hata ukishusha voliumu mpaka sifuri mvumo uko palepale. Halafu ikifika kama dakika 10 au 15 upande wa kushoto unaanza kukwaruza kama mtu anakanyaga mkaa, sauti inazidi kuwa ndogo mpaka inaisha kabisa, ukizima ukaiacha nusu saa ukawasha tena upande unarudi kama hakuna kilichotokea. Na nobu ya voliumu ukiizungusha inatafuna kwenye spika zote.

Nimefungua kifuniko cha juu, ndani kuna vumbi na nyigu walijenga nyumba ya udongo kwenye kona, hakuna kilichoungua wala kapasita iliyovimba. Fundi mmoja mjini ameniambia nimwachie abadilishe kapasita zote, mwingine kasema hiyo haina spea nitupe. Mimi kazi yangu ni simu, nabadilisha vioo na mfumo wa chaji, solda naijua na mita ninayo, ila hivi vitu vya zamani ndo mara yangu ya kwanza. Naomba msaada.

masasi_kwetu

Pole sana dada. Kwa ushauri wangu tafuta sabufa nzuri ya blututhi mnunulie mama utapumzika, mimi niliwahi kuhangaika na redio ya babu mwaka mzima na pesa ikaisha.

BintiMikindani

Asante kaka, sabufa ipo nyumbani. Mama hataki sabufa, anataka hii.

FundiLindi

Marahaba mwanangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujabadilisha kitu maana nusu ya vyombo vya zamani vinavyofika mezani kwangu hapa Lindi havijauawa na uzee, vimeuawa na mtu aliyebadilisha kapasita 40 kwa siku moja kisha hajui ipi aliiweka kinyume.

Sikiliza, priampu ya stereo ni mashine mbili zinazofanana zimewekwa kwenye bati moja, kushoto na kulia, halafu kuna vitu vichache wanavyochangia, na kikubwa wanachochangia ni umeme wa ndani, ile sehemu ya transfoma, dayodi na kapasita kubwa. Sasa wewe una mvumo wa pande zote mbili na una ugonjwa wa upande mmoja. Mvumo wa wote wawili utafute pale wanapokutana, ugonjwa wa kushoto utafute kushoto. Kwa hiyo nakuambia kabisa una matatizo mawili au matatu tofauti, usitegemee kupata kitu kimoja kitakachomaliza yote.

Voliumu ikiwa sifuri na mvumo haupungui maana yake mvumo hauji na sauti kutoka kwenye pleya, unaingia baada ya voliumu. Na umeandika "ngrrr", hiyo ni muhimu. Umeme wetu ni wa 50 Hz, mvumo unaoingia kwa waya mbovu au ethi unasikika laini, mmmmm, kama nyuki yuko chumba cha pili. Ila umeme ukishapita kwenye dayodi nne unakuwa na mawimbi ya 100 Hz, na kapasita au regyuleta (sehemu inayoshikilia volti zisiyumbe) ikishindwa kuyalaza unasikia mkoromo mkavu zaidi. Yako inafanana na ya pili. Sijasema ndiyo, nimesema inafanana, utapima.

Kabla ya kufungua tena fanya mambo haya ukiwa umekaa kwenye kiti. Kwanza chukua zile waya mbili zinazotoka priampu kwenda amplifaya kubwa, uzigeuze nyekundu iende kwa nyeupe. Ugonjwa ukihamia spika ya kulia basi kweli ni priampu au kitu kilicho kabla yake, ukibaki kushoto unaihukumu bure. Zirudishe, kisha geuza waya za pleya pale zinapoingia nyuma ya priampu. Hapo ugonjwa ukihama ni pleya au sindano, usipohama ni priampu yenyewe.

Halafu angalia nyuma kuna tundu zimeandikwa REC OUT, zilikuwa za kurekodia kwenye deki ya kanda. Sauti ya pale inachotwa baada ya selekta (nobu ya kuchagua santuri au AUX) lakini kabla ya voliumu na tritibo na besi. Hiyo ni dirisha la bure la kuchungulia katikati ya saketi bila kufungua chochote. Sasa ile sabufa uliyosema ipo, leta uichomeke kwenye REC OUT. Usichomeke REC OUT kwenye amplifaya kubwa hata siku moja kwa sababu pale hakuna voliumu, sauti itatoka yote na spika za baba zitapasuka. Sabufa ina voliumu yake, anza chini kabisa. Piga kwanza simu kwenye AUX, baadaye piga santuri, kila moja iache ipate moto zaidi ya nusu saa, uniambie nini kimesikika wapi.

Spika kubwa zipumzishe mpaka tumalize. Na mazoea mazuri, priampu inawashwa kwanza na amplifaya kubwa mwisho, kuzima ni kinyume chake, ule mshindo wa kuwasha usipite kwenye spika.

mzee_wa_bandarini

Mama, kabla ya yote hayo geuza bati la nyuma usome umeme wake. Vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe ni vya volti 100, na mabaharia wengi tulinunua vya namna hiyo tukavitumia na transfoma ya kushusha bila kuwaambia watu wa nyumbani. Mtu akija kuchomeka moja kwa moja kwenye 230 inaungua.

Na nyingi nyuma zina soketi za ziada za kuchomekea pleya, zimeandikwa AC OUTLET. Zile ni umeme wa ukutani mzima mzima. Swichi ya mbele nayo kwa ndani mara nyingi miguu yake iko wazi, hata kama umeizima, plagi ikiwa ukutani pale kuna 230. Ndani ya priampu umeme mwingi mwingine ni mdogo lakini sehemu hizo mbili zinaua, na vilevile fyuzi, kibati cha kuchagua volti na waya zinazoingia kwenye transfoma. Zifunge kwa tepu ya umeme kabla hujaingiza mkono, na ukipima ikiwa imewashwa tumia mkono mmoja, wa pili uuweke nyuma.

BintiMikindani

Shikamoo mzee wangu, asante sana. Nimeangalia, ina kibati cha kuchagua 110, 120, 220 na 240 na kimewekwa 240. Kumbe ni ya kusafirishwa nje, afadhali maana niliiwasha kabla ya kuuliza. Swichi nimeifunga tepu na zile soketi za nyuma pia.

chuno_elektroniki

Pia tengeneza taa ya kinga dada. Chukua hoda moja na balbu ya zamani ya waya, wati 40 inatosha, ifunge mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme unaoingia kwenye priampu. Ukiwasha balbu ikawaka kidogo ikafifia, salama. Ikibaki inang'aa kwa nguvu kuna shoti ndani, zima, hakuna kilichoharibika maana balbu imeubeba umeme wote. LED na enaji seva hazifanyi kazi hiyo, lazima ile ya waya. Siku hizi ni za kutafuta ila waulize wanaofuga vifaranga huwa wanazo.

tandahimba_vinyl

Naomba kudandia wakuu, yangu nayo inavuma ila ni santuri tu, nikiweka AUX kimya kabisa. Ni kapasita?

FundiLindi

Tandahimba, hapana, usifungue kwanza. Sindano ya santuri inatoa milivolti chache tu, 3 au 5 hivi, na saketi ya PHONO inaikuza kama mara 100, na besi inaipandisha zaidi ya hapo kwa sababu santuri inakatwa besi ikiwa imepunguzwa ili mfereji usiwe mpana, kwa hiyo priampu inairudisha. Mvumo wa 50 Hz nao uko kwenye besi hiyohiyo, unapandishwa pamoja nayo. Angalia pleya yako ina waya mwembamba wa tatu wenye kikucha, ule unafungwa kwenye skrubu iliyoandikwa GND nyuma ya priampu. Na pleya usiiweke juu ya transfoma.

BintiMikindani

Nimerudi na majibu, imenichukua siku mbili maana umeme ulikuwa unakatika katika.

Kugeuza waya za kwenda amplifaya: ugonjwa ukahamia spika ya kulia. Kugeuza waya za pleya: haukuhama, umebaki kushoto ya priampu. Kwa hiyo ni priampu kweli.

REC OUT kwenye sabufa, simu kwenye AUX: safi, hakuna mvumo hata kidogo, dakika 45 pande zote mbili zinaimba. REC OUT na santuri: pande zote mbili zinaimba mpaka mwisho, kushoto hakuzimiki, ila kuna mkoromo kidogo kwa nyuma wa wote wawili. Nikichomeka amplifaya kubwa kwenye tundu za kawaida, dakika ya 12 kushoto kunaanza mkwaruzo.

Taa ya kinga nimetengeneza, balbu nimepata kwa jirani mwenye vifaranga kweli. Inawaka nyekundu kidogo inafifia.

FundiLindi

Umefanya kazi nzuri mno, soma mwenyewe ulichokiandika. AUX kwenda REC OUT inapita kwenye selekta tu, haijagusa transista yoyote (kile kipande cha miguu mitatu kinachokuza sauti), ndo maana haina mvumo. Santuri kwenda REC OUT imepita kwenye saketi ya PHONO ambayo inakula umeme wa ndani, ikapata mkoromo. Basi umeme wa ndani ni mchafu, hilo limeshaisha. Na kushoto kunakozimika kuko baada ya voliumu, kwenye saketi ya tritibo na besi au ya kutolea. Umepunguza eneo la kutafuta kutoka priampu nzima mpaka robo ya bodi moja na hujashika bisibisi.

Sasa fungua. Chomoa, subiri dakika tano, kisha pima kapasita kubwa kwa mita kama zimeisha umeme. Karibu na transfoma utakuta bodi ndogo ya umeme, sehemu nyingi huwa na chanya na hasi, mfano +24 na -24 au +30 na -30, huwa imeandikwa kwenye bodi. Washa, mkia mweusi wa mita kwenye bati, pima zote mbili. Kisha badilisha mita iwe AC (umeme wa mawimbi), pima palepale. Kwenye DC safi (umeme ulionyooka) AC inatakiwa iwe karibu na sifuri.

Halafu, na hili naomba uliangalie kwa tochi na uinamishe kichwa kabisa: chini ya zile kapasita kubwa kuna gundi. Ilikuwa rangi ya njano au maziwa ilipotoka kiwandani. Kama imegeuka kahawia kama sukari guru, hiyo ni sumu. Gundi za miaka ile zikishapikwa na joto kwa miaka mingi zinaanza kupitisha umeme na zinakula miguu ya rezista na dayodi zilizo karibu. Huku kwetu pwani na unyevu wa bahari inakuwa mbaya zaidi.

Kwenye transista angalia miguu. Zikiwa ndogo nyeusi zimeandikwa C458 na miguu yake imekuwa myeusi kama imepakwa masizi, zishuku. Ile miguu ilipakwa fedha, fedha inashika weusi, na weusi unaingia mpaka ndani.

BintiMikindani

Mzee wangu Fundi, mwili umenisisimka. Gundi ipo na ni kahawia, kama ulivyosema, imetapakaa chini ya kapasita mbili kubwa na imepanda juu ya rezista tatu na dayodi moja.

Vipimo: bodi imeandikwa +24 na -24. Nimepata +23.8, na upande wa hasi ni -16.4. AC kwenye chanya mita inasoma 0.00, kwenye hasi 0.38.

FundiLindi

Huyo ndo mvumo wako, umempata. Upande wa hasi umelegea volti karibu 8. Sasa usikimbilie kapasita. Kwenye regyuleta ya namna hiyo kuna zena inayoshikilia volti, na kuna rezista inayoilisha hiyo zena. Rezista ikipandisha thamani yake, zena inakosa chakula, haishiki tena, volti zinaanguka na mawimbi yote ya 100 yanapita kama hakuna mlinzi. Kwangua gundi yote taratibu kwa njiti ya mti iliyochongwa, siyo kisu, loweka kidogo na ile alkoholi yako ya kusafishia bodi za simu. Kisha nyanyua mguu mmoja wa kila rezista iliyokuwa chini ya gundi uipime ikiwa nje ya saketi.

Kushoto tumia hivi. Mchoro wa saketi huna, ila una upande wa kulia ambao ni mzima, huo ndo mchoro wako. Pima kila mguu wa transista za kulia uandike, kisha pima mwenzake wa kushoto. Zikipishana kidogo achana nazo, zikipishana sana simama hapo. Kwa kuwa ugonjwa wako unakuja na joto, tumia drayer ya nywele. Kunja karatasi kama ile ya kuuzia karanga, kata ncha ibaki tundu dogo, hewa ya moto ipite kwenye ncha uielekeze kwa transista moja moja huku mita iko kwenye mguu wake wa katikati. Na gonga gonga bodi kwa kijiti kikavu cha mshikaki, kama kuna solda iliyopasuka itasema.

chuno_elektroniki

Nyongeza kwenye transista, ukikosa C458 weka C1815, bodi za redio kaseti za zamani zimejaa hizo. Mpangilio wa miguu ni uleule, mguu unaoitwa kolekta uko katikati. Usidanganyike na BC547 kwa sababu umbo ni moja, ile katikati ni mguu wa "base" (siyo besi ya sauti) na mpangilio umegeuka, ukiichomeka vilevile haitafanya kazi. Na ukibadilisha kushoto badilisha na kulia, pande zote ziwe na umri mmoja.

BintiMikindani

Wakuu, jana usiku mpaka saa sita.

Nimeanza na gundi. Imechukua saa nzima, inatoka kama ukoko wa wali, na harufu yake ni kali ya siki. Chini yake rezista moja ya nyekundu nyekundu nyekundu, yaani 2.2k, mguu wake umekuwa wa kijani na nilipoigusa tu na kijiti ikakatika upande mmoja ikabaki imesimama. Nimeitoa nikaipima, inasoma 19k. Sikuamini nikapima mara tatu. Nimeweka mpya, nikasafisha, nikawasha kwa taa ya kinga, balbu ikafifia, nikapima hasi: -23.9. AC 0.00. Nikachomeka sabufa kwenye tundu za kawaida. Kimya. Nilidhani sijawasha, nikaweka sikio kwenye kitambaa cha spika, kimya kabisa.

Zile kapasita mbili kubwa sijabadilisha.

Kushoto sasa. Nimeandika volti zote za kulia kwenye daftari nikafuata za kushoto. Zote zinalingana mpaka transista ya nne, kulia katikati 11.9, kushoto 11.2. Nikasema hiyo si tofauti kubwa, ila nikakunja ile karatasi ya karanga nikapuliza na drayer ya mdogo wangu anayesuka. Volti zikaanza kushuka huku naziona, 10, 8, 5, 3, na kwenye sabufa ule mkwaruzo wa mkaa ukaanza uleule. Nikatoa drayer, nikasubiri, zikapanda tena. Nikahamia ya jirani yake nikapuliza, haikusogea. Nimefanya mara mbili kuhakikisha. Ni C458, na miguu nyeusi tii, ya kulia pia nyeusi ila bado inafanya kazi. Nimezitoa zote mbili nikaweka C1815 mbili kutoka kwenye bodi ya redio kaseti iliyokuwa kwenye droo yangu ya takataka. Baada ya hapo 11.8 na 11.9, drayer nikapuliza mpaka nikaogopa kuyeyusha plastiki, haziondoki.

Kilichobaki ni voliumu inatafuna. Nimeisafisha kwa alkoholi kidogo nikaizungusha mara 30 na zaidi, imepungua kulia lakini kushoto bado.

FundiLindi

Mwanangu nimesoma mara mbili, nimemsomea na kijana wangu wa kazi hapa. Kuziacha kapasita kubwa zilizo nzima ni uamuzi sahihi kabisa.

Voliumu iliyosafishwa ikaendelea kutafuna upande mmoja, usiendelee kuisugua, utaimaliza kaboni yake. Pima DC kwenye miguu ya voliumu, mkia mweusi kwenye bati. Pale inatakiwa kuwe na sauti tu, DC isiwepo. Ukikuta DC hata nusu volti basi kapasita iliyo kabla au baada ya voliumu inavuja, na DC ikipita kwenye njia ya kaboni kila ukizungusha inakwaruza, hata voliumu iwe mpya kutoka dukani.

Ukiibadilisha hiyo kapasita angalia kama ina mstari wa hasi. Ikiwa imeandikwa BP au NP haina chanya wala hasi, usiweke ya kawaida. Ukikosa, chukua mbili za kawaida za 10 µF uziunge hasi kwa hasi, utapata 5 µF isiyo na upande, inafaa mahali pa 4.7 µF. Na uzipime kabla, siku hizi kuna kapasita zimevalishwa koti kubwa na ndani kuna kadogo, ukiishika ni nyepesi kama ganda la korosho.

BintiMikindani

Kushoto 0.42 DC, kulia 0.00. Ilikuwa BP ya 4.7 kweli. Mjini hapa sikupata BP, nimeunga mbili za 10 kama ulivyosema, pande zote mbili. DC sasa hakuna, voliumu inazunguka kimya.

Leo mchana nimeirudisha kwenye kabati lake na spika za baba. Mama amekuja na santuri tano kwenye kanga, amekaa kwenye kiti cha karibu na spika ya kushoto bila kujua kwamba ndo upande uliokuwa umekufa. Imeimba kuanzia saa nane mchana mpaka alasiri ikapita, jirani wawili wameingia na kukaa. Gharama yote ni 6,500 na nauli ya bodaboda.

Asanteni sana. Mzee wa Bandarini, mama kasema nikusalimie, mabaharia wa meli za enzi zile anawaheshimu.

mzee_wa_bandarini

Marahaba, msalimie sana mama. Iwashe walau mara moja kwa wiki hata kama hakuna wa kusikiliza, joto lake dogo linafukuza unyevu. Na kitenge cha kufunikia kiondoe ukiwa umeiwasha, ile bati ya juu ina matundu ya kupumulia.

FundiLindi

Na lile daftari la volti usilipoteze. Ziandike zote kwenye karatasi, kulia na kushoto, na tarehe, na ulichobadilisha, uibandike kwa ndani ya kifuniko. Atakayefungua tena baada ya miaka 20 atakuta mchoro.

BintiMikindani

Nimeshaandika. Nimeweka na ile rezista iliyokatika kwenye kikaratasi cha nailoni pembeni yake.

tandahimba_vinyl

Wakuu na mimi nirudishe majibu. Ule waya mwembamba ulikuwepo, umekunjwa na kufungwa na mpira nyuma ya pleya tangu niinunue. Nimeukaza kwenye GND, mvumo umeisha.